Kimeo cha Baba Watoto

Wale waliosema kwamba mume wangu analala vizuri hawakuwahi kulala naye chumba kimoja. Walimsikia wakiwa nje, kupitia ukuta, wakasema mwanamume yule ameshiba na ana amani. Jirani yetu mmoja wa pale Gitting alikuwa akinikuta bombani asubuhi na kuniuliza: mashine ya kusaga ya nyumbani kwako inanguruma usiku kucha, mbona hatuuoni unga? Wanawake wanacheka mpaka maji yanamwagika. Mara ya kwanza nilicheka nao, na ya pili pia. Ya tatu nilimwambia aje aichukue hiyo mashine akasagie kwake, na tangu siku hiyo akawa ananisalimia kwa mbali.

Mkoromo wenyewe haukunisumbua. Nimekulia Tlawi, kwenye nyumba ambayo watu na ng'ombe walilala chini ya paa moja, nikazoea pumzi za kila aina. Kilichonisumbua ni pale mkoromo ulipokatika. Alikuwa akikoroma, anakoroma, halafu kimya. Na si kimya cha kupumzika. Kifua kinapanda na kushuka, tumbo linahangaika, lakini hewa haiingii wala haitoki. Mimi nami nabana pumzi yangu nikimngojea. Kisha anashtuka kama mtu aliyetolewa majini, anavuta hewa kwa kishindo, anageuka, anaanza upya. Asubuhi ukimwuliza atakwambia amelala fofofo.

Kabla sijaolewa mama yangu alinipa mafundisho mengi, na moja lilikuwa hili: mume akiwa amelala usimwamshe kwa kumshika kichwa wala uso, maana anaweza kukupiga kabla hajakutambua. Mshike mguu. Kibane kidole gumba, taratibu. Basi miaka yote hiyo nililala nikiwa nimeukunja mguu wangu karibu na wake, ili kimya kikizidi nimguse. Nilipompokea mke wa kijana wetu wa kwanza nilimpa na yeye fundisho hilo, pamoja na mengine ya jikoni, bila kulifikiria sana.

Baba watoto alikuwa dereva wa kombaini kwenye mashamba makubwa ya ngano, huko chini kwenye tambarare za Hanang. Nilipoolewa naye, hiyo ilikuwa kazi ya kujivunia. Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara zilipoachwa huru. Maduka yakajaa redio na mitumba, na mashamba yale yakaanza kupunguza watu, mwishowe yakaenda kwenye mikono mingine. Madereva wakarudi makwao na ovaroli zao. Yeye na ndugu zake wakachangishana wakanunua kanta iliyochoka, wakawa wanabeba mahindi na maharage yetu, na vitunguu saumu vya Mbulu, kupeleka Babati na hata Arusha. Wakati huo tulikuwa tumetengwa na Arusha, tumekuwa mkoa wetu wenyewe wa Manyara, na kila mtu alisema sasa mambo yatasogea karibu. Kwa barabara ile, hayakusogea sana.

Kombaini ilimvumilia. Ukisinzia kidogo kwenye uwanja wa ngano usio na mwisho, utakachoharibu ni mstari wako wa kuvuna. Kanta haina uvumilivu huo. Na yeye alikuwa anazidi kusinzia. Alisinzia akila, tonge mkononi. Alisinzia kanisani, na kwenye vikao vya ukoo. Vijana walimwamkia shikamoo akaitikia marahaba macho yakiwa yamefumba. Alikuwa amenenepa shingo, na hasira zimekuwa karibu, yeye ambaye zamani hata mbuzi akila shati lake alicheka.

Siku moja alasiri alikuwa anarudi kutoka Katesh na gunia chache, kijana wetu wa kwanza akiwa juu ya gunia kama tandiboi. Kanta ikaacha barabara polepole, bila breki wala honi, ikaingia kwenye shamba la alizeti la watu, ikalaza alizeti mpaka ilipogonga kichuguu na kuzima. Kijana aliruka chini akamkuta baba yake ameegemea usukani, anakoroma. Mwenye shamba alifika na fimbo. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumnusa mdomo, akakuta hakuna harufu ya pombe, na hilo likamtisha kuliko kama angeikuta.

Hakuna aliyeumia. Lakini ndugu walikaa, wakasema amelogwa, au amechoka, au vyote viwili, na funguo za kanta wakampa kijana wetu, kwa muda. Kijana alikuwa mrefu, mpana, shingo kama ya baba yake, na alilipenda gari. Alifurahi, na alijua hapaswi kuonyesha. Baba yake aliniambia, "Wamenivua suruali mbele ya mwanangu." Nilijua kitu wasichokijua wao, kwamba mtu huyu kila usiku anakata pumzi mara nyingi, na siku moja haitarudi. Ila mambo ya chumbani kwetu hayatolewi nje, na kwa mama mkwe ndiyo kabisa. Ungesema nini? Mama, mwanao namsikia akifa kila usiku?

Nilianza kumsukuma aende hospitali. Zahanati walimpa dawa ya malaria. Hospitali ya wilaya walimpima presha, wakakuta imepanda, wakampa vidonge. Mwisho tukaandikiwa kwenda hospitali ya rufaa, mbali, ambako tulilala kwa binamu yake. Daktari aliyetuona alikuwa kijana, mpole, mwenye tabia ya kusugua miwani kwa shati. Akamwuliza, "Mzee, usingizi unaupata?"

"Vizuri sana," akasema mume wangu. "Hata sasa hivi ukinipa kitanda."

Sikujizuia. "Daktari, huyo hajui. Aliyelala atajuaje? Niulize mimi."

Mume wangu alinitolea macho. Nikapiga moyo konde nikasema yote: mkoromo, kimya, kifua kinachohangaika, mguu. Nilisema huku nimeinamisha kichwa, kana kwamba namwibia mtu. Nilipomaliza, daktari hakucheka. Alimwomba mume wangu alale wodini mchana ule ule, akambana kidoleni kidude chenye taa nyekundu kinachosoma hewa iliyomo kwenye damu. Nesi alikuwa bado anavuta pazia, mgonjwa ameshaanza kukoroma.

Kimya kilipokuja nilinyoosha mkono kwenye mguu wake, kwa mazoea. Daktari akanizuia. "Mwache kidogo, mama. Niache nione." Tukatazama wote wawili namba kwenye kile kidude zikishuka. Zilishuka, zikashuka. Uso wa daktari ukabadilika. Halafu mume wangu akavuta ile hewa yake ya kishindo, na namba zikapanda. Nikalia pale pale. Miaka yote nilikuwa nimekisikiliza kile kimya peke yangu, na sasa mtu mwingine alikuwa amekisikia.

Alituchorea koo nyuma ya boksi la glovu. Hapa ni ulimi, hapa ni mafindofindo, hapa kaakaa inaisha na hiki kinachoning'inia ni kimeo. Mtu akilala nyama hizi hulegea. Kwako wewe, mzee, zinalegea mpaka zinaziba njia. Akauliza kuhusu baba yake. Mume wangu akajibu kwamba mzee alifariki usingizini, na watu walisema ni kifo cha heri, hakuteseka. Daktari akasugua miwani yake muda mrefu.

Kuna mambo anayoweza kuyafanya nyumbani, alisema: kupunguza mwili, kuacha pombe ya jioni, kulalia ubavu badala ya mgongo. Hayo ayafanye kwa vyovyote, lakini kwa namba alizoziona hayatatosha. Yanabaki mawili. Kuna mashine ndogo inayosukuma hewa puani kwa bomba, inaliweka koo wazi usiku kucha. Haiponyeshi. Usiku ukiivaa unapumua, usiku usipoivaa umerudi palepale, na inataka umeme. Na kuna upasuaji: kuondoa mafindofindo, kupunguza kaakaa na kimeo, kupanua njia. Hapo mume wangu alikaa wima.

"Ukishakata, nimepona?"

"Siwezi kukuahidi, mzee. Wengine hupata nafuu kubwa. Wengine nusu. Wengine baada ya miaka inarudi. Kwako ulimi nao ni mzito nyuma, na huo siugusi. Halafu kuna ile dawa ya kukulaza wakati wa kukata. Mtu mwenye tatizo lako, kumlaza na kumwamsha kunataka uangalifu sana."

Neno hilo la dawa ya kulaza lilinikaa kifuani. Ugonjwa wake ni kulala, na wao watamlaza zaidi, na mimi nitakuwa nje ya mlango, sina mguu wa kushika. Nilimwambia hofu hiyo, lakini mume wangu yeye alionekana kusikia neno kukata tu. Tukiwa njiani kurudi alizungumza sana, jambo ambalo hakulifanya siku hizo. Ng'ombe akiwa na jipu unapasua, usaha unatoka, yamekwisha. Hiyo mashine daktari alimwonyesha, yenye mikanda ya kichwani na kifuniko cha puani. Siku hizi barakoa kila mtu anaijua, wakati ule sisi hatukuwa na neno. Alisema inafanana na kile tunachomfunga ndama puani ili asinyonye. "Unataka nilale nimefungwa kama ndama anayeachishwa ziwa?"

"Nataka uamke," nilimwambia.

Daktari alitupa nafasi ya kufikiri mpaka baada ya mavuno. Nyumbani ukakaa ukoo, maana mtu hakatwi mwili bila ndugu zake kujua. Mmoja akasema akatwe, mmoja akasema tusubiri, wa tatu akauliza kama hiyo mashine inaweza pia kuchaji simu. Mimi nilikuwa nyuma na wanawake. Mama mkwe wangu alikuwa mbele, kwenye kigoda chake, mtu wa maneno machache ambaye akikohoa tu wanawe wananyamaza. Akaomba aone kile kipande cha boksi. Akakishika mbali na macho, akaweka kidole kwenye ule mchoro.

"Hiki si kimeo?"

"Ndicho, mama," akajibu mume wangu. "Na vingine vya pembeni."

"Basi," akasema, akakirudisha.

Kwa mgeni niseme hivi. Kwetu mtoto akikohoa sana, akawa anatapika au hanyonyi vizuri, watu husema ni kimeo kimerefuka, na yupo mtu wa kukikata. Siku za mnada alikuwa akija mzee mmoja mwenye kazi hiyo, mkono wake mwepesi, na nusu ya watoto waliokuwa wakicheza pale mnadani walikuwa wamepitia kwake. Hakuwa tapeli. Aliombwa, akaja, akafanya alichofundishwa na baba yake. Mume wangu mwenyewe hakuwahi kukatwa akiwa mtoto, kwa sababu hakuwa mtu wa kukohoa, na mama yake aliona hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Mimi nilikuwa nimekwenda Tlawi kumsaidia mama yangu kuvuna vitunguu saumu. Niliporudi nikamkuta mume wangu amekaa uani kwenye jua, kikombe cha maziwa mkononi, na maziwa yale yalikuwa na wekundu. Hakuweza kusema. Alinitazama kwa macho ya mtu aliyekamilisha kazi, akanionyesha kooni, kisha akapunga mkono kuonyesha kitu kimekwenda. Kijana wetu ndiye aliyenieleza. Bibi alimwita yule mzee. Baba akaona ni jambo la busara: daktari si atakata kimeo na vingine? Kimeo kikitangulia kukatwa huku, daktari atakuwa na kazi ndogo, na dawa ya kumlaza itakuwa ndogo pia. Hilo la dawa alikuwa amelichukua kwangu. Alikuwa amenifikiria mimi na hofu yangu, akafanya lile, na hapo hasira yangu ikakosa pa kukaa.

Mama mkwe hagombezwi. Niligombeza kuku. Niligombeza sufuria, nikaligombeza fagio, nikamgombeza mbwa wa jirani aliyepita zake, kwa sauti ambayo ilifika mpaka kwenye kigoda cha mama mkwe bila kupotea njia. Alikaa akasikiliza yote.

Homa ilimpanda, damu ikarudi, tukamkimbiza hospitali ya wilaya akalazwa. Alipotoka mkoromo wake ulikuwa umebadilika sauti, umekuwa mwembamba. Kimya kilikuwa kile kile.

Siku zile alipokuwa anapata nafuu, mama mkwe alikuja jikoni kwangu, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa karibu na moto. Alikaa mpaka nikaanza kuchagua maharage ili nisitazamane naye. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Baba yake naye alikuwa hivyo."

Nikaweka maharage chini.

"Nilikuwa namshika mguu. Nilifundishwa, kama ulivyofundishwa wewe. Ule mwaka tulivuna mpaka mikono ikapasuka. Siku moja nikalala na mimi." Akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Asubuhi nikakuta mguu wa baridi. Watu wakaja wakaniambia, mama, umshukuru Mungu, hakuteseka."

Mwanamke huyo alikuwa amekaa na jambo hilo zaidi ya miaka ninayoweza kuikumbuka. Alipomwita yule mzee wa mnadani alikuwa anamwokoa mwanawe kwa njia aliyoijua. Nilitaka kumshika mkono na sikuthubutu, mkwe na mama mkwe hawashikani ovyo. Nilimpa uji, akanywa wote.

Tuliporudi kwa daktari alimulika koo, akazima tochi, akaiwasha tena. "Nani amefanya hivi?" Mume wangu aliangalia dari. Daktari hakumkaripia, na nadhani angemkaripia ingekuwa nafuu. Alisema kidonda kimepona kwa kovu, na kovu limevuta nyama pembeni. Kukata tena juu ya kovu kunaweza kulibana koo zaidi, au kukaacha maji yapitie puani kila anapokunywa. Kama hapo mwanzo alikuwa na mashaka na upasuaji, sasa hamshauri akatwe. Alisema hivyo taratibu, mara mbili, akihakikisha tumeelewa.

"Kwa hiyo nimejifungia mlango mwenyewe," mume wangu akasema.

"Mashine bado ipo, mzee."

Mashine tuliipata kwa huyo huyo daktari, iliyoachwa na mgonjwa aliyehama nchi. Umeme kwetu ulikuwa bado ni maneno ya kampeni. Tuliuza dume, tukanunua sola na betri kubwa ya gari, na fundi redio wa Katesh akaja akaunganisha nyaya. Mume wangu alimsimamia kwa ukali, maana mitambo alikuwa anaijua kuliko huyo fundi. Nilimwona akiinama juu ya ile betri, akikaza vifungo, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya alizeti alionekana kama dereva.

Kuivaa ilikuwa vita. Aliivua, akaitupa, akasema inampulizia kama puto. Akasema hewa yake ina baridi kuliko ya mlimani. Akavaa akiwa amefunga mlango kwa komeo, na watoto walikatazwa hata kuitaja. Kisha kukaja asubuhi moja nikaamka na kitanda ni kitupu. Roho ilinitoka. Nikakimbia nje bila khanga, nikamkuta amesimama kwenye uzio, amekwisha kukata majani ya ng'ombe, anautazama mlima Hanang ulivyokuwa unatoka kwenye ukungu. Alikuwa na umri wa mtu mwenye wajukuu.

"Kumbe asubuhi iko hivi," akaniambia.

Hata hivyo kuna kitu hakuwahi kukiamini. Alikubali kwamba anaamka na nguvu, akakubali kwamba daktari ni mtu mzuri, lakini kile kimya nilichokuwa nakieleza alikiona ni chumvi ya wanawake. "Ungekuwa unaniona nakufa kila siku, mbona hukukimbia?" alinitania. Alikuwa hajawahi kukisikia. Angekisikiaje? Hakurudishiwa usukani, kijana alikwisha kuuzoea na kazi ilikuwa imepanuka, akiendesha mpaka Singida. Baba yake alibaki kuwa wa kusikiliza injini na kutoa amri.

Mama mkwe alihamia kwa mwanawe mkubwa, juu kwenye mwinuko, na huko ndiko alikougulia. Tulipokwenda kumwona mara ya mwisho alikuwa amekuwa mdogo sana kitandani. Aliniuliza mimi, mwanawe akiwa amesimama hapo hapo, "Anavaa?"

"Anavaa, mama."

"Kwenye msiba wangu avae."

Mume wangu akatoka nje. Msiba wa mama, watoto wa kiume hawarudi kulala majumbani kwao. Hulala pale nyumbani kwa marehemu mpaka matanga yaishe, wote pamoja, na wajomba na majirani. Alikuwa amekwisha kupanga, nilimjua, kwamba siku hizo mashine itabaki nyumbani. Kufungwa kama ndama mbele yangu tu kulikuwa kumemchukua miezi. Mama yake alikuwa amemjua kabla yangu.

Siku alipofariki, mume wangu alilia, akaosha uso, akafungua nyaya za betri. Aliibeba begani kupanda ule mwinuko. Mimi nilibeba mashine kwenye khanga kama mtoto. Tulipoingia uani watu walinyamaza. Mjomba mmoja, mzee sana, akauliza hicho ni kitu gani.

"Shikamoo mjomba," mume wangu akasema. "Ni pumzi yangu. Mama ameagiza."

Wakampisha njia.

Tulimzika siku ya pili, mchana, upepo ukiwa mkali. Baada ya chakula watu walianza kuinamia magoti kwa usingizi. Kijana wetu alikuwa ameendesha kanta bila kupumzika, akileta ndugu kutoka Mbulu na Babati, na sasa alijinyoosha kwenye turubai kando ya ukuta, chali, kofia usoni. Mume wangu yeye alikuwa amelala vizuri usiku, kwenye kona ya nyumba ya kaka yake, na mashine yake. Alikuwa mtu pekee pale mwenye macho meupe. Alikaa kwenye kile kigoda cha mama mkwe, kikombe cha chai mkononi, anaongea na mjomba.

Kijana akaanza kukoroma. Wazee wakacheka, kile kicheko cha msibani cha kuinamisha kichwa. Mmoja akasema mashine ya kusaga imehamia kwa mtoto. Mume wangu akacheka pia.

Halafu mkoromo ukakatika.

Niliona kikombe cha mume wangu kikisimama kabla hakijafika mdomoni. Aligeuza kichwa. Kofia ilikuwa imeanguka, na kifua cha kijana kilikuwa kinapanda na kushuka, tumbo linahangaika, mdomo wazi, hakuna kitu. Mjomba aliendelea na hadithi yake. Mume wangu hakuwa anamsikia. Nilimwona akibana pumzi yake mwenyewe, mabega yamepanda, kama nilivyofanya mimi miaka yote. Kijana akashtuka, akavuta hewa kwa kishindo, akaanza upya. Watu wakacheka tena. Ukakatika tena.

Baba watoto aliweka kikombe chini. Alikuja mpaka nilipokuwa nimekaa na wanawake, kitu ambacho mwanamume hafanyi msibani, akanichuchumalia. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Ndiyo hiki?"

"Ndicho."

"Kila siku?"

"Kila siku, baba."

Akageuka kumtazama kijana, ambaye kesho yake alitakiwa kuwarudisha watu wote wale kwa ile barabara ya mteremko. "Ulikuwa unanishika wapi?" akaniuliza. "Nimshike wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, mkwe wangu, mke wa kijana, alisimama na sufuria ya uji aliyokuwa anaigawa. Mbele ya baba mkwe wake huwa hainui macho, achilia mbali kusema mambo ya chumbani.

"Mguuni, baba," akasema. "Kidole gumba."

Mume wangu akaenda, akapiga magoti kwenye turubai, akaushika mguu wa mwanawe.